Kufuatilia haki za watoto wenye ulemavu Uganda: kutoka uani hadi Maseru

Muulize mwalimu mkuu wa shule yoyote ya msingi ana watoto wangapi wenye ulemavu, atakupa namba. Namba hiyo ni ya waliofika shuleni. Mtoto anayelala chumba cha nyuma kwa sababu hakuna wa kumbeba, au anayefungwa kamba mguuni mama akienda shambani ili asiangukie moto kifafa kikimpata, hayumo. Ukianza na namba ya shule, ripoti yako itamwacha nje yule yule aliyekuwa akihitaji kuonekana kuliko wote.

Mwongozo huu ni wa vikundi vidogo: vyama vya wazazi, vyama vya watu wenye ulemavu, wafanyakazi wa jamii wanaotaka taarifa zao zifike kwenye Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo makao yake sasa ni Maseru, Lesotho. Njia ni ndefu, na mara nyingi ripoti hukwama kwa kosa lililofanyika siku ya kwanza kijijini.

Kipimo kwanza

Huwezi kusema haki imevunjwa kama hujui imeandikwa wapi. Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 1994, na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tarehe 25 Septemba 2008, pamoja na itifaki yake ya malalamiko. Itifaki ya Afrika ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa Januari 2018, ikaanza kutumika 2024 baada ya nchi 15 kuiridhia, Uganda ikiwa mojawapo. Nyumbani kuna Katiba ya 1995, ibara ya 34 na 35, Sheria ya Watoto na marekebisho yake ya 2016, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Sheria ya Watoto inawaagiza wazazi na serikali kuhakikisha mtoto mwenye ulemavu anapimwa mapema, anapata matibabu na utengamao, na anapata nafasi sawa ya elimu. Kifungu hicho kina nguvu kuliko watu wanavyodhani, maana "mapema" ni neno unaloweza kulipima kwa tarehe.

Angalia mtego mmoja. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Afrika, ndiyo inayowahusu watoto wenye ulemavu, inasema msaada utatolewa kulingana na rasilimali zilizopo. Maafisa hujificha hapo. Kwa hiyo kila unapoitaja ibara ya 13, iambatanishe na ibara ya 3, inayokataza ubaguzi bila sharti la fedha. Mtoto aliyekataliwa kuandikishwa shule kwa sababu anatokwa na udenda hakukosa rasilimali. Alibaguliwa.

Chagua haki tatu tu, kwa mfano elimu, afya na ulinzi dhidi ya ukatili. Kikundi kinachopima haki kumi hurudi na karatasi nyingi zisizothibitisha chochote.

Hatua ya 1: Timu na barua

Watu wanne wanatosha kwa kuanzia, wakienda wawili wawili, mwanamke na mwanamume. Angalau mmoja awe mtu mwenye ulemavu. Milango humfungukia, na watoto humtazama kwa namna nyingine kabisa. Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Uganda apangwe tangu mwanzo, asiazimwe siku ya mwisho. Jozi moja isihoji zaidi ya kaya tatu zenye mtoto mwenye ulemavu kwa siku, kwa sababu kaya ya nne huandikwa kwa uchovu, na uchovu huo huonekana kwenye fomu.

Barua iende kwa CAO, yaani afisa mkuu tawala wa wilaya, nakala kwa RDC, yaani mwakilishi wa Rais wilayani, afisa elimu na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya. Nakala iliyogongwa muhuri ndiyo utakayomwonyesha mkuu wa gombolola, yaani ngazi ya utawala chini ya wilaya, kisha mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Wengi humsahau makamu mwenyekiti wa LC, naye kisheria ndiye anayeshughulikia mambo ya watoto ngazi hiyo. Kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, barua ya wilaya haikuingizi. Unahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, halafu uripoti kwa kamanda wa makazi.

Usiende wiki za mitihani. Karamoja, eneo la wafugaji, uliza kwanza mifugo iko wapi, la sivyo utakuta boma limebaki na wazee.

Hatua ya 2: Kumpata mtoto asiyeonekana

Kosa kubwa kuliko yote: kumwomba mwenyekiti atangaze kwa kipaza sauti kwamba watu wanakuja kuandikisha walemavu. Nusu ya familia zitakuja zikitarajia viti vya magurudumu na mabati, nusu nyingine zitamficha mtoto zaidi. Na watoto watapangwa mstari juani mbele ya kijiji kizima. Huo wenyewe ni uvunjaji wa utu wao, na umeufanya wewe.

Badala yake nenda nyumba kwa nyumba. Kijiji chenye kaya chini ya 60, zipite zote. Zikizidi, piga kura ya nyumba ya kuanzia kati ya tatu za kwanza, halafu chukua kila ya tatu. Ukikuta mlango umefungwa usihamie kwa jirani. Rudi mara mbili, mara moja ikiwa jioni au Jumapili. Nyumba zinazofungwa mchana mara nyingi ni za mama anayefanya kibarua huku mtoto yuko ndani peke yake.

Mlangoni usiulize, "Mna mtoto mwenye ulemavu?" Omba orodha ya wote waliolala hapo usiku wa jana, jina na umri, kisha uliza maswali kuhusu kila mtoto wa miaka 2 hadi 17, mmoja mmoja. Mtoto akishatajwa kwenye orodha ya waliolala, ni vigumu kumruka. Zungumza pia na timu ya afya ya kijiji, mkunga, katekista au imamu, na kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Watoto wa kijiji nao wanajua kila kitu: "Yupo mwingine nyumba ile ya bati, lakini hatoki."

Hatua ya 3: Maswali yenyewe

Tumia maswali ya UNICEF na Kundi la Washington, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu, kuhusu utendaji wa mtoto. Yapo ya miaka 2 hadi 4, maswali 16, na ya miaka 5 hadi 17, maswali 24. Anayejibu ni mama au mlezi mkuu. Faida yake ni kwamba neno ulemavu halitajwi kabisa. Mama wa mtoto mwenye kifafa atakwambia kwa moyo mweupe kwamba mtoto wake hana ulemavu, anaumwa tu. Lakini ukimuuliza kama mtoto anapata tabu kukumbuka mambo, atakueleza kwa kirefu.

Majibu kwa sehemu kubwa ni manne: hapati tabu, anapata tabu kidogo, anapata tabu sana, hawezi kabisa. Mtoto anahesabiwa kuwa na ulemavu jibu likiwa "anapata tabu sana" au "hawezi kabisa" katika eneo lolote. Kwenye wasiwasi na huzuni kipimo ni tofauti, kinaangalia mara ngapi, na kinachohesabiwa ni "kila siku".

Hapa ndipo wahojaji wengi huharibu. Mama akisema "ee, tabu kidogo tu," usikimbilie kuandika. Msomee majibu yote manne tena, polepole, kwa sauti ile ile, bila uso wako kumwonyesha jibu unalolitaka. Usiyafupishe kuwa "ndiyo au hapana", kwani ukifanya hivyo mtoto mwenye miwani na mtoto asiyeona kabisa watakuwa kundi moja, na namba zako hazitalinganishika na za mtu yeyote. Maswali mengi yanasema "ukimlinganisha na watoto wa umri wake". Usiyaache maneno hayo. Kila mtoto wa miaka miwili ni msumbufu.

Kwenye kutembea, umbali unaoulizwa ni mita 100, kama urefu wa uwanja wa mpira, kisha mita 500. Taja mahali halisi: "kutoka hapa hadi kwenye bomba la maji." Pima kwanza kwa hatua zako.

Kiswahili cha fomu kikubalike kabla ya kuondoka ofisini. Wakongomani wa Nakivale, watu wa Busia na askari waliostaafu wa Bombo wote wanasema Kiswahili, lakini si kile kile. "Ugumu" ni neno la darasani. "Tabu" na "shida" hufika kwa wote, ila "shida" humfanya mlezi aanze kuhesabu karo na chakula. Mpe mtu mmoja atafsiri swali kwenda lugha ya kijiji, mwingine ambaye hakuliona alirudishe kwenye Kiswahili. Lisiporudi lile lile, lirekebishwe. Maneno kama kilema, bubu na kichaa yasitoke kinywani mwa mhojaji hata kama mlezi mwenyewe anayatumia. Mlezi usimkosoe, endelea tu na jina la mtoto.

Hatua ya 4: Mtoto mwenyewe aseme

Maneno ya mlezi yanakupa hali ya mtoto. Haki iliyovunjwa, mara nyingi mtoto ndiye anaijua. Pata ridhaa ya mlezi, kisha ya mtoto, na akigeuza uso, hiyo ni hapana. Kaa chini alipokaa, kwenye mkeka kama yuko kwenye mkeka. Mkae mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki. Dakika 30 zinatosha, na mapumziko katikati.

Mama asiwe mkalimani wa mtoto kiziwi kwenye maswali ya ukatili. Watoto viziwi wengi wa vijijini hawajawahi kufundishwa lugha ya alama, wana ishara za nyumbani tu. Hapo mkalimani aliyesomea hukwama. Mtu mzima ambaye ni kiziwi, akishirikiana naye, huelewa zaidi. Mtoto asiyesema anaweza kuchagua picha, kukuonyesha njia anayopita, au kukupeleka mahali anapoogopa kufika. Andika kama alivyofanya: "alinyoosha kidole kwenye choo cha shule, akatikisa kichwa mara mbili." Usiandike "alisema choo si salama." Hayo ni maneno yako.

Usiahidi kitu. Wala "tutaona".

Hatua ya 5: Pima shule kwa mkono

"Shule haifikiki" ni maoni, na afisa elimu atayapinga. Sentimita hazipingiki. Beba futi ya kamba ya mita 5, daftari, na fimbo iliyokatwa sentimita 70.

Njia ya mteremko ipimwe hivi. Pima kimo cha kizingiti kutoka ardhini. Kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu wa chini. Kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6. Ukikuta umejengwa wa mita 1.5, huo ni moja kwa tano: mtoto hawezi kuupanda peke yake, na akishuka gurudumu humponyoka. Miteremko mingi ya shule ilijengwa mwishoni kwa saruji iliyobaki, ikakatizwa saruji ilipoisha. Andika vipimo vyote viwili na piga picha ya futi ikiwa imelala juu yake.

Ile fimbo ya sentimita 70 ni upana wa kiti cha magurudumu kwa makadirio. Ishike kwa mlalo mbele ya tumbo, utembee kutoka lango hadi darasani, darasani hadi chooni. Kila inapogonga, simama uandike. Mlango wa choo upimwe ukiwa wazi, kutoka ukingo wa ubao hadi fremu, kwa sababu ubao wenyewe hula nafasi. Sentimita 90 ndizo zinazotakiwa. Ndani pawe na mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kigeuke, na ubao ufungukie nje. Angalia pia sakafu. Mtoto anayetambaa huingia kwa viganja na magoti, na kwenye choo cha shimo kinachotumiwa na mia mbili kwa siku, hilo peke yake linatosha kumfanya asinywe maji tangu asubuhi.

Kisha fungua rejesta. Hesabu alama za mahudhurio za wiki mbili zilizopita kwa kila mtoto aliyetajwa kuwa na ulemavu, halafu hesabu vichwa siku hiyo. Kuandikishwa na kuhudhuria ni vitu viwili. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza 1997, watoto wanne kwa kila familia ndio waliogharamiwa, na mwenye ulemavu alipewa kipaumbele. Ahadi ni ya zamani, kwa hiyo uliza wazi ni nini kimebaki: mwalimu mwenye mafunzo ya mahitaji maalumu, karatasi za nukta nundu, muda wa ziada kwenye mtihani.

Ukikuta ukatili

Kazi ya kukusanya takwimu inasimama hapo hapo. Siku hiyo hiyo mwarifu afisa wa probesheni wa wilaya na kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, au piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa. Kituoni omba namba ya kumbukumbu ya kitabu cha matukio, uinakili. Bila namba hiyo, baada ya miezi miwili hakuna atakayekiri kwamba ulifika. Kama ni ubakaji, mtoto afike kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia VVU. Usimhoji mtoto tena na tena. Andika alichosema mara ya kwanza, maneno yake, saa na nani alikuwepo. Tenganisha safu mbili: alichoona mwenyewe na alichoambiwa.

Vithibitisho vingine viko nyumbani: daftari la matibabu ambalo familia nyingi hulihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, barua ya shule. Cheti kisipokuwepo, hilo nalo ni jambo la kuripoti.

Kutunza siri

Fomu iwe na namba, isiwe na jina. Daftari linalounganisha namba na majina likae peke yake, limefungiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Lakini hata bila jina, "msichana wa miaka 12 mwenye ualbino" katika parokia fulani, yaani eneo la utawala chini ya gombolola, ni jina tayari, na kwa mtoto mwenye ualbino hilo ni hatari ya uhai. Kwenye ripoti panua eneo: taja wilaya, na umri kwa rika. Picha za nyuso zisipigwe, na picha za vipimo zifutwe kwenye kundi la WhatsApp la timu mara tu zinapohifadhiwa.

Hatua ya 6: Ripoti na malalamiko

Chini ya Mkataba wa Afrika serikali inatakiwa kuripoti kila baada ya miaka 3. Asasi zinaweza kupeleka ripoti ya nyongeza, na Kamati huisoma kabla ya kukaa na serikali. Panga matokeo kwa ibara. Sentensi ya "serikali imewatelekeza watoto" itupwe. Andika kwa sura hii, na namba hizi ni za kuonyesha tu: "Katika shule 6 kati ya 8 tulizopima kati ya tarehe fulani na fulani, hakuna choo chenye mlango wa sentimita 90." Kisha ibara, kisha pendekezo lenye mwenye kazi: wizara ipi, wilaya ipi, kufikia lini. Afisa akikuta namba moja ya uongo, ataitumia kuzifuta nyingine zote. Kila namba, kwa hiyo, mtu wa pili airudie kuihesabu kutoka kwenye fomu.

Malalamiko ya mtoto mmoja ni njia nyingine, nayo ina ngazi. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hupokea bila malipo, ndani ya miaka 5 tangu tukio, ila haigusi kesi iliyo mahakamani. Tume ya Fursa Sawa inafaa zaidi kwa ubaguzi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inafungua mlango wa mahakama. Ngazi za nyumbani zikishindikana, au zikichelewa kupita kiasi, ibara ya 44 ya Mkataba wa Afrika inakuruhusu kwenda Maseru. Lazima utaje jina na anwani yako, na Kamati huitunza kwa siri. Malalamiko yasiwe mbele ya chombo kingine cha kimataifa kwa wakati huo. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, haidai umalize ngazi za nyumbani, lakini saa yake ni fupi mno: miezi 2 tangu kitendo au tangu ulipokijua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu usiipangie, kwa kuwa Uganda haikutoa tamko la kuruhusu mtu binafsi au asasi kuifikia moja kwa moja.

Mweleze mlezi muda kwa ukweli. Shauri la kwanza kabisa la Kamati hiyo liliihusu Uganda, watoto wa kaskazini wakati wa vita. Lilifunguliwa 2005, likaamuliwa 2013. Mtoto wa miaka 10 siku ya kufungua alikuwa na 18 siku ya uamuzi. Kwa sababu hiyo ombi la mtoto mwenyewe, kiti, nafasi ya shule, matibabu ya kifafa, lisisubiri shauri. Lipeleke gombolola wiki hiyo hiyo kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri.

Hatua ya 7: Rudi

Ndani ya miezi 3, kabla ripoti haijafika popote, rudi kijijini na karatasi moja kwa Kiswahili au lugha ya hapo, na nyingine ya picha. Soma namba za kijiji bila kutaja nyumba. Watu watakusahihisha: kuna mtoto mliyemruka, kuna shule iliyobomoa ule mteremko. Rekebisha. Kwa kila mtoto aliyekuwa na barua gombolola, andika kwenye safu ya mwisho tarehe ya kurudi miezi 6 baadaye, na jina la mwanachama atakayebisha hodi siku hiyo.